Ng'ombe Wanaojiswaga Wenyewe

Kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, ng'ombe wa mahari hutajwa mbele ya wazee, hubishaniwa, kisha huhesabiwa mmoja mmoja. Sasa chukulia mkwe anakuja na utaratibu mpya: "Kikao cha nini? Niachie lango la zizi wazi. Kila tarehe 5 ng'ombe mmoja atakuja mwenyewe kwangu, mpaka siku utakapokumbuka kunikataza." Mkwe huyo angeondoka kabla ugali haujaiva. Lakini programu nyingi za kompyuta huuzwa hivyo hivyo. Unapewa siku 7 za bure, unaandika tarakimu 16 za kadi ya benki, na siku ya 8 ng'ombe wa kwanza anatoka zizini akijiswaga. Hoja yangu ni moja: watu wa huku hawakatai kulipa, wanakataa kulipishwa wakiwa wamelala.

Ushahidi uko ukutani. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, inataka ununue kwanza, ubonyeze tarakimu 20, taa iwake. Umeme ukiisha ni giza, lakini giza lisilo na deni. Vocha ni hivyo hivyo, na vifurushi vya siku, wiki na mwezi. Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, tumezoea kwamba hela haitoki kwenye simu mpaka mwenyewe aweke namba ya siri. Mwenye steshenari Tarime mjini hununua karatasi, wino na umeme kabla hajachapa kadi moja ya harusi. Kinachomtoa jasho ni programu ya kuchorea kadi hiyo: inataka kadi ya benki, inataka dola, inataka na postikodi, kana kwamba inakuja kuposa. Pale Sirari mpakani, mama wa ndizi anapokea shilingi ya Tanzania na ya Kenya, na chenji anarudisha sawasawa bila kikokotoo. Programu ya California ikipewa shilingi ya aina moja tu, inazirai.

Watasema kadi siku hizi zipo, hata kampuni za simu zinatoa za mtandaoni. Kweli, na ni ahueni. Ila kadi ni kamba tu. Swali ni nani anavuta. Dola hupanda bila kumuaga mtu, na tangu Julai 2022 sheria inawataka wauzaji wa nje wa huduma za kielektroniki kukusanya VAT kwa wanunuzi wa Tanzania, kwa hiyo bei iliyotangazwa ikiwa imekonda yaweza kufika imenenepa. Wengine watasema kulipa kidogo kidogo ni ghali, anayelipia mwaka mzima anapata punguzo. Hapo wana haki. Hata kifurushi cha mwezi kwa kawaida ni nafuu kuliko cha siku ukigawanya. Lakini mfugaji ana hela siku ya mnada, si tarehe 5. Kambi za watalii za Kogatende, Serengeti, huchangamka nyumbu wakivuka Mto Mara, kati ya Julai na Oktoba. Masika wageni hupungua, wakabaki nyani na mhasibu wakitazamana. Programu ya kupokea wageni hudai Aprili sawasawa na Agosti. Na wenye programu wakisema wanahitaji mapato ya uhakika, je, kuna uhakika gani kupita hela iliyotangulia huduma? Muuza vocha hamdai mtu.

Dawa si ngumu: uzeni programu kwa siku, kwa wiki na kwa mwezi, kwa shilingi, na kwa namba ya siri ya mlipaji. Mpaka hapo, msomaji, usiulize siku za bure ni ngapi. Uliza kitufe cha kusitisha kiko wapi. Usipokiona, funga zizi: usiandike hata tarakimu moja.