Kanga za Mkaguzi

Wewe mwenye mtoto wa darasa la kwanza huhitaji kuelezwa. Kwangu saa moja jioni televisheni huzimwa, kwa sababu Profesa anasoma. Profesa ni mwanangu. Jina hilo kapewa na mama yake kabla hajajua irabu hata moja, na irabu zenyewe kwa Kiswahili ni tano tu.

Walimu wake hapa nyumbani hawapatani. Mimi nilisomeshwa kwa a, be, che, de, nikataka kumrithisha. Mwalimu wa shuleni akaniita akanituliza: tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015, mtoto huanza na sauti ya herufi, si jina lake. Ukimzoesha "be" na "a", siku ya kusoma "baba" atakuletea "beabea". Nikacheka. Jioni ile ile Profesa akafungua kitabu akasoma Beabea, na mpaka leo mashemeji hawaniiti vingine.

Mama Profesa, ambaye humu ndani ndiye Wizara, akaamuru sauti tu. Basi kila jioni nyumba inanguruma: bbb, mmm, sss. Mpangaji wa chumba cha pili alikuja kuuliza kama tuna mgonjwa.

Halafu yuko mama mkwe, Mkaguzi, aliyekuja kutusalimia kabla ya masika na bado anatusalimia. Alijifunza kusoma ukubwani huko Mwanza, zama za elimu ya watu wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo, na vitabu vikatungwa kufuata kazi za watu: pamba, migomba, uvuvi. Mkaguzi alisomea cha pamba. Mpaka leo ukimpa kitabu chochote anatafuta kwanza mahali pa kupalilia. Njia yake ni ba be bi bo bu, kwa kuimba na kupiga meza.

Tena ana hoja. Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo mtoto akishika ma me mi mo mu anapata maneno upesi. Tabu iko kwenye ng', na kale kaalama kanakoning'inia. Profesa anakaita mbu, kila akikaona anakapiga kofi. Ng'ombe wote wa kitabuni wamechubuka.

Kitabu cha hadithi tulikuwa nacho kimoja, na alishakikariri. Alikisoma hata kikiwa juu chini, Wizara ikapiga makofi. Mkaguzi hakudanganyika. Aliweka kidole katikati ya ukurasa: "Mjukuu wangu, hapa pameandikwaje?" Profesa akaomba maji ya kunywa.

Ndipo sanduku la kanga lilipofunguliwa. Herufi kubwa, maneno machache, na kitambaa hakichaniki ovyo. Mtoto akawaka! Akawa anasoma migongo ya wanawake wa mtaa mzima, kidole mbele.

Jumapili akaja dada yangu, Shangazi Hesabu, anayejua idadi ya vipande vya nyama kabla bakuli halijatua. Mkaguzi akatoka na sinia, kajifunga kanga mpya. Profesa nyuma yake.

"Wi-vu. Wa-ko. Ha-u-ni..."

Wizara ikaanza kukohoa.

"...pu-ngu-zi-i..."

Nikauliza kama huko Mbagala mvua imenyesha.

"...mbo-ga!"

Kisha akarudia yote kwa mfululizo, kwa sauti kubwa, maana shuleni wameambiwa wakimaliza silabi waunganishe ili waelewe. Tukaelewa.

"Shangazi, nimesoma sawa?"

"Sawa kabisa, baba," dada akasema, akasukuma sahani. Mkaguzi akamwongezea mboga.

Sasa mwenzangu, kama kwako kuna vitabu vya hadithi ambavyo watoto wamevichoka, nigawie. Viwe vya sungura, vya fisi, hata vya pamba, mradi visitaje wivu wala mawifi. Sanduku la Mkaguzi bado halijafika nusu, na Krismasi ukoo wangu wote unakuja kula hapa.