Dola Zipite, Mama Asubiri: Barua ya Wazi kwa Wizara ya Kazi

Kwa Wizara ya Kazi, Nairobi

KUH: USUMBUFU WA WANAWAKE WANAOREJEA KUTOKA GHUBA

Waheshimiwa,

Hongereni. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na Benki Kuu huhesabu fedha hizo kila mwezi bila kukosa. Sehemu yake hutoka Saudi Arabia, kwa jasho la wanawake wanaopika, kufua na kulea watoto wa watu. Hesabu hii ina busara yake: aliyenyang'anywa pasipoti, akanyimwa mshahara na kufungiwa ndani hana alichotuma, basi hayumo kwenye ripoti. Na asiyehesabiwa hahitaji bajeti.

Najua mtajibu kwamba alikwenda kwa hiari. Jibu tamu, ila Sheria ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010 imewaharibia: ridhaa ya aliyedanganywa haihesabiki. Sheria hiyohiyo, bila adabu, inataja makao, matibabu, ushauri nasaha na msaada wa kisheria, na imeunda hazina ya kugharimia hayo. Mkisema fedha hazipo, nitawarudisha kwenye zile dola. Kweli, si mali ya serikali. Lakini zinaegemeza shilingi, nanyi hamwoni haya kujivunia.

Mwingine atasema mwanamke anayerejea apewe cherehani, apigwe picha akikabidhiwa, mambo yaishe. Cherehani si mbaya. Lakini huyu ameshuka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na hati ya dharura mkononi na nguo chache kwenye mfuko wa plastiki. Nauli na ada ya wakala zilikopwa kwa shailoki, na riba haikusimama alipofungiwa jikoni Riyadh. Kila gauni atakaloshona litamlipa shailoki kwanza. Akichoka, wakala mwingine yuko tayari kumpeleka nchi nyingine. Hapo ndipo uchumi wenu unapokamilika: mmemwokoa bure, wakala amepata mteja.

Wakala akipatikana na hatia, sheria inamtisha kwa kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Kitisho hicho hakina meno bila shahidi, na shahidi asiye na pa kulala hawezi kusubiri kesi. Kwa hiyo makao, daktari, wakili na nafuu ya deni si sadaka. Ndiyo njia ya kumfikisha wakala kizimbani. Jazeni hazina hiyo, mtangaze kila mwezi imewasaidia wanawake wangapi, kama dola zinavyotangazwa.

Wenu mtiifu,
Mlipakodi