Wasparta Watano na Ufagio Mmoja

Jumamosi jioni, mbele ya watu saba waliokuwa wakikunja meza, nilijipa mkono wa pongezi na kujikabidhi mwiko. Ni utani wa Waingereza: anayeshika mkia hupewa kijiko kikubwa cha mbao, mzaha waliouenzi wanafunzi wa hisabati wa Cambridge hadi mwaka 1909. Mwiko wenyewe niliununua mimi, nikaupiga msasa, nikaupaka vanishi. Mpwa wangu, niliyemleta achemshe chai na kuandika matokeo, alishika simu akasema, "Mjomba, uinue kidogo, uso hauonekani." Picha ikafika kwa dada yangu Tanga kabla sijafunga ukumbi.

Kosa ni la mbwa. Wachezaji walikuwa wanane kamili, mpaka Ijumaa usiku mmoja wao aliponiandikia kwamba mbwa wake hajisikii vizuri. Asiyewahi kuandaa mashindano ya vita vya mezani hawezi kujua mbwa mmoja anaharibu kiasi gani. Tunacheza kwa mtindo wa Uswisi, uliotumika kwanza kwenye sataranji mjini Zurich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Mshindi hupangiwa mshindi, aliyeshindwa hupangiwa aliyeshindwa, na wakiwa wanane, raundi tatu zinatosha kumpata mmoja tu asiyefungwa: nane, nne, mbili, mmoja. Ni hesabu tamu, naweza kuitazama peke yangu usiku nikatabasamu. Wakiwa saba, kila raundi kuna mtu anakaa bila mpinzani na kuulizia biskuti. Ndiyo maana mwandaaji mwenye akili husafiri na jeshi la akiba. La kwangu lilikuwa la Athene.

Nilifika ukumbini mapema. Ni ukumbi wa kanisa, na usiku uliotangulia palikuwa na sherehe ya watoto. Sakafu nzima inameremeta vumbi la rangi, lile ambalo likishaingia kwenye zulia halitoki mpaka kiama. Nikachukua ufagio. Nimo kwenye kufagia, akaingia bwana mmoja na sanduku la aluminiamu, akasimama, akaniangalia mimi, akauangalia ufagio.

"Samahani, mwandaaji anafika saa ngapi?"

"Yuko njiani," nikasema.

"Na chooni karatasi zimekwisha."

Nikaenda nikaweka karatasi. Huyo nitamwita Bwana Sanduku.

Tangazo langu lilisema Wagiriki wa kale, jeshi lolote la mji wowote. Nilijiona nawaona Wakorintho, Waargos, Wathesalia na farasi wao. Masanduku yakafunguliwa: Sparta, Sparta, Sparta, Sparta, Sparta, Sirakusa mmoja, na mama mmoja mkimya aliyeleta Thebe. Wasparta halisi hawakuwahi kuwa wengi hivyo kwa uwiano. Kwenye vita vya Leuctra, mwaka 371 KK, raia kamili wa Sparta waliokuwa vitani walikuwa kama 700 tu, na kama 400 kati yao wakalala hapohapo. Kwenye filamu, bila shaka, hilo haliuzi tiketi. Kila mtu anataka joho jekundu.

Majoho hayo yalileta kasheshe yake. Kwenye meza mbili wekundu walipambana na wekundu, na kabla ya chai mzee mmoja alikuwa amekwisha kusogeza kikosi cha mpinzani wake, akakirushia dadu, akakishangilia. Nisimcheke sana. Kwenye vita vya Delium, mwaka 424 KK, Waathene wenyewe walizunguka mstari wa adui, wakakutana upande wa pili, wakauana wao kwa wao.

Kanuni zetu ni za De Bellis Antiquitatis, kitabu chembamba kilichotoka Uingereza mwaka 1990. Kila mtu ana vikosi 12 tu, kila kikosi ni kibao chenye upana wa milimita 40 kilichobandikwa askari wachache wa madini, na uwanja mzima ni mraba wa sentimita 60. Zamu yako ikifika unarusha dadu moja. Namba inayotoka ndiyo idadi ya amri ulizo nazo. Vikosi vilivyopangana bega kwa bega vinakwenda vyote kwa amri moja. Vikitawanyika, kila kimoja kinadai amri yake. Hapo ndipo ninapoupendea mchezo huu. Bila kuhutubiwa na profesa yeyote, unaelewa kwa nini Wagiriki walisimama kwa safu: jemadari mwenye bahati ya 1 bado analisogeza jeshi lake zima, mradi halijavunjika. Mwanahistoria Thucydides aliandika kwamba safu hizo zilikuwa zikihamia kulia kidogo kidogo, kwa sababu kila askari alijibanza nyuma ya ngao ya mwenzake wa kulia, kama watu wanne chini ya mwavuli mmoja. Ngao yenyewe ilikaribia upana wa mita nzima na ilining'inia mkono wa kushoto, ikifunika nusu yako na nusu ya jirani.

Sasa njoo kwenye kuua. Mkuki dhidi ya mkuki, kila upande una 4, kisha kila mmoja anarusha dadu na kujumlisha. Aliyezidiwa anarudi nyuma hatua moja. Ili afe, jumla yake iwe nusu ya mwenzake au chini ya hapo. Bila nyongeza wala punguzo, njia ni moja tu: wewe upate 6 na yeye apate 1, yaani 10 kwa 5. Dadu mbili zina matokeo 36, na hilo ni moja kati yake. Kwa hiyo Wasparta wawili wakikutana uso kwa uso, saa nzima wanasukumana: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kifo kinatoka ubavuni, na hakuna Msparta aliyekubali kuonyesha ubavu.

Ugomvi ulizuka hapohapo ubavuni. Bwana Sanduku alitaka kupitisha kikosi chake chepesi, watupa mikuki, kando ya jemadari wa mzee mmoja mstaafu. Kanuni inasema mbele ya kila kikosi kuna eneo la tishio, mraba wenye upana wa kibao, na ukishaingia humo hukatizi tena: unamwendea adui au unarudi ulikotoka. Mzee akasema umeingia. Bwana Sanduku akasema sijaingia. Kikatoka kipande cha plastiki cha milimita 40. Ikatoka taa ya mstari mwekundu, ile ya mafundi wa rafu. Kitambaa cha meza kikavutwa kikanyooshwa, na askari wote wakasogea nusu milimita, tukaanza upya. Bwana Sanduku akadai tupime kutoka ncha ya mkuki. Mzee akaugusa mkuki, ukamchoma, tukatafuta plasta.

Nikaitwa. Nikaiacha meza yangu, nikapiga magoti, jicho likawa usawa wa uwanja. Pale chini unaona vitu ambavyo aliyesimama havioni: askari ana nyusi. Mtu mzima alikaa usiku na brashi ya nywele chache akamtia askari wa milimita 15 nyusi, na juu ya ngao isiyofika upana wa kucha akachora ile herufi ya Kigiriki ya Sparta. Kona ya kibao ilikuwa ndani ya mraba. Kidogo, lakini ndani. Nikasimama, nikasema: tunapima kutoka kwenye kibao, mkuki hauhesabiki, kona imo, hupiti.

Bwana Sanduku akaitazama meza, si mimi. "Nafikiri tumuulize mtu anayezijua kanuni."

Akamwita kijana wa meza ya pili, aliyevaa fulana ya Sparta na aliyekuwa ameniuliza asubuhi ileile jemadari anaongeza pointi ngapi. Kijana akaja, akainama, akasema, "Kona imo. Hupiti."

"Ahaa," akasema Bwana Sanduku. "Sawa. Hapo nimeelewa."

Watu walicheka na mimi nikacheka, kwa sababu ukumbi ulikuwa na furaha na chai ilikuwa ya moto. Sasa siko ukumbini. Ukumbi nililipia mimi. Kanuni nilizichapa mimi, nikazitumia kila mmoja wiki mbili kabla, na ile ya kona iko ukurasa wa kwanza. Sikudai heshima ya jaji wa mahakama kuu. Nilidai kwamba sentensi ileile ikitoka kinywani mwangu iwe na uzito uleule, ufagio uwe mkononi au usiwe. Mzee mstaafu, na hili nampa haki yake, alininong'oneza baadaye kwamba si sawa. Alininong'oneza.

Nilipoirudia meza yangu, yule mama wa Thebe alikuwa ananisubiri na yai lake la kuchemsha, na saa ilikuwa imebaki na dakika kumi. Nikarusha dadu: 1. Safu yangu ilikuwa imeachwa katikati ya kugeuka, kulia kukiwa wazi. Alichukua vikosi vinne kimoja baada ya kingine, kila kimoja akisema pole, na kwenye kanuni hizi ukipoteza vinne, tena zaidi ya mwenzako, umekwisha. Jemadari Epaminondas, pale Leuctra, aliwarundika Wathebe wake hamsini kwenda nyuma upande wa kushoto ili afanye jambo hilohilo. Mama huyu alihitaji tu mwandaaji aitwe mezani kwa watu.

Mpwa akaleta karatasi ya matokeo. "Mjomba, hapa kuna sare tatu." Wasparta wote walikuwa wamesukumana saa nzima bila kufa mtu. Mtindo wa Uswisi unapanga washindi na washindi, na mshindi alikuwa mmoja. Mshinde pia alikuwa mmoja. Ile hesabu yangu tamu ililala kifo cha mende.

Raundi ya pili birika lilikata umeme. Ya tatu niliitwa mara nne na Sirakusa akanimaliza nikiwa chooni, naweka karatasi.

Bingwa ni mama wa Thebe, aliyewafunga Wasparta wawili bila kupandisha sauti. Na kanuni moja nimekwisha kuibadilisha kwa ajili ya mashindano ya mwezi wa Machi: sare ni sifuri kwa wote wawili. Wasparta wanne wamepinga kwa maandishi. Wa tano, Bwana Sanduku, ameambatisha mchoro.