Hereni Haiko Kigamboni

Mtu akiingia Kariakoo kutafuta kamera, swali la kwanza atakaloulizwa ni harusi ya nani. Mimi sina harusi. Natunga shanga: hereni, mikufu, bangili, na zile za kiunoni ambazo wateja huziagiza kwa meseji za sauti ya kunong'ona. Nilitaka kamera ya bei nafuu ya kupiga picha ya kitu kisichofika ukubwa wa kucha. Lakini biashara ya kamera mjini hapa imesimama juu ya sendofu, kicheni pati na kipaimara, na muuzaji akishaanza kukupigia hesabu ya mabibi harusi utakaowapata kwa mwezi, neno hereni halimwingii tena sikioni.

Simu ninayo. Tatizo lake, ukiisogeza karibu na hereni inaamua kwamba kilicho muhimu ni kitambaa cha meza. Shanga zinakuwa ukungu, kitambaa kinatoka safi hadi nyuzi zake. Nimewahi kuulizwa bei ya kitambaa.

Shemeji yangu, ambaye kila kifaa hukipima kwa tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi, alinionya nisikubali chochote chini ya megapikseli 24. Nikamuuliza za kazi gani. Picha ya mraba ya Instagram ina pikseli 1080 kwa 1080. Zidisha mwenyewe, unapata milioni moja na laki moja na ushee, yaani megapikseli moja na chenji. WhatsApp nayo ikiipokea inaibana zaidi. Kununua 24 kwa ajili ya kutuma moja ni kukodi Fuso kuhamisha kigoda. Shemeji akasema mimi ni mbishi tangu zamani, akaniachia nauli.

Nilishuka mwendokasi Msimbazi nikiwa na laki mbili na nusu, nimezificha mahali ambapo mwanamke wa Dar es Salaam huficha. Kabla sijavuka barabara nilikuwa tayari nina winga. Kwa asiyejua, winga ni kijana asiye na duka ila ana maduka yote. Ukimtajia kitu, anacho. Anakusimamisha kwenye ngazi, anapotea kwenye korido, anarudi na kitu cha mwenzake, na bei inayorudi naye imeongezewa nauli yake, chakula chake cha mchana na mipango yake ya maisha. Siwachukii mawinga. Bila wao ningekuwa bado naizunguka mitaa ya Aggrey na Likoma natafuta njia ya kutokea. Ila ukiwasikiliza wanavyokuita utajua bei imefika wapi: ukiingia ni "dada", ukianza kuomba punguzo ni "mama", na ukiondoka mikono mitupu ni "bi mkubwa, nenda salama."

Wangu alinipandisha ghorofa ya tatu, akachukua kamera yenye lenzi ndefu, akaielekeza dirishani.

"Angalia dada! Hii unaona mpaka Kigamboni!"

Nikachungulia. Kigamboni sikuiona. Niliona jengo la pili, na ndani yake baba mmoja anakula chipsi yai peke yake kwa furaha ambayo nilijisikia vibaya kuishuhudia.

"Kaka," nikamwambia, "hereni haiko Kigamboni. Iko hapa." Nikaivua sikioni, nikaiweka juu ya kioo cha kaunta.

Kamera ikaanza kuguna. Inatafuta, inarudi, inatafuta. Winga akanishika bega: "Rudi nyuma kidogo, dada. Rudi tena." Lenzi ile ilikuwa ya Canon, milimita 75–300, na hiyo haioni vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya mita moja na nusu. Duka lenyewe kutoka kaunta hadi mlangoni halikufika mita moja na nusu. Nikarudi nyuma, nikatoka mlangoni, nikajikuta kwenye korido mgongo umempiga mpagazi mwenye majora ya vitenge kichwani, naye akanipa somo la matumizi ya barabara ambalo sitaliandika hapa. Picha lakini ilitoka. Ilionyesha kaunta, kikokotoo, kikombe cha chai ya maziwa na tabasamu la mwenye duka. Hereni ilionekana kama uchafu kwenye lenzi.

Wakabadilisha, wakaweka 18–55, ile inayokuja na Canon nyingi za bei ndogo. Hiyo inakubali kukaribia hadi sentimita 25, zikipimwa kuanzia kwenye kihisi cha picha ndani ya kamera, wala si kwenye ncha ya lenzi. Bangili ingetoka vizuri, sikatai. Nikauliza bei. Ikatajwa. Nikauliza kama hiyo ni pamoja na lenzi. Hapana, hiyo ni ya bodi. Na chaja? Chaja utaipata mtaa wa pili, kuna kijana wetu. Mkanda, je? Mkanda nikaambiwa ni zawadi, na maelewano yapo.

Winga akanionyesha na mpya kabisa, imefungwa kwenye boksi, jina lake halijapata kutamkwa na mtu, megapikseli 48 zimeandikwa kwa dhahabu. Mjini hapa boksi lililofungwa linaogopwa, maana wako watu walionunua simu Kariakoo wakafungua nyumbani wakakuta kipande cha sabuni, tena ya kufulia. Nikaomba lifunguliwe. Winga akashangaa: mali mpya itafunguliwaje? Hapo ndipo nilipoionea kamera wivu. Simu feki zilizimwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Juni 2016. Ulibonyeza *#06#, ukatuma namba iliyotokea, ukaambiwa kama yako itaiona asubuhi. Kamera haina wa kuizima. Ikiwa feki, itaishi hadi ijiozee yenyewe.

Niliyoinunua ilitoka kwenye droo. Mwenye duka alikuwa anatafuta kalamu, nikaona kitu cha fedha chini ya rundo la nyaya: Canon PowerShot kuukuu, ya mfukoni, inayotumia betri mbili za AA. Akaona aibu kunionyesha. Nikamwuliza kama ina alama ya ua.

"Ipo," akasema, "lakini dada, hiyo ni ya watu wa bustani. Ya kupigia maua."

Alama ya ua ni ya vitu vya karibu. Ukiiwasha, kamera ndogo kama ile inasogea hadi sentimita chache. Tena kihisi chake kuwa kidogo ni neema kwa mtu wa shanga: kamera kubwa ukiisogeza karibu hivyo, ushanga wa mbele unakuwa wazi na wa nyuma umeyeyuka, wakati hii ya droo inazishika nyingi kwa pamoja. Nikaiweka juu ya hereni yangu. Nikaona hadi uzi. Nikaona na mahali nilipochovya gundi kwa haraka. Bei yake iliacha chenji ya kununua shanga kilo nzima, na winga akachukua chake huku ananisikitikia.

Nyumbani mambo yakahamia kwenye mwanga. Jua la Dar es Salaam saa sita mchana halina huruma, na mwezi wa tatu na wa kumi linapita utosini kabisa, kivuli chote kinajificha chini ya kitu chenyewe. Hereni ikawa nusu inawaka na nusu imezimika. Nikahamia dirishani, na nondo za dirisha zikachora mistari juu ya mkufu. Mteja mmoja akaniuliza kama mwenye mkufu amefungwa. Dawa ilikuwa mfuko mbadala mweupe, huu tulioletewa baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019. Ukiupasua na kuutandaza dirishani, mwanga unaingia kwa adabu. Chini nikaweka manila nyeupe.

Lakini nyumba yetu ni ya Kiswahili, uani ni pa wote. Asubuhi moja mpangaji mwenzangu alianika shuka jekundu mkabala na dirisha langu. Shanga nyeupe zikatoka za waridi, nzuri ajabu. Mteja wa Mwanza akaagiza. Nikamtumia nyeupe, maana nyingine sikuwa nazo, naye akanijibu kwa meseji ya sauti ndefu kuliko hotuba ya bajeti. Nikamwendea jirani kwa upole, nikamwomba shuka liwe la mchana.

"Mama," akasema, "kwani hereni zako zinachangia kamba?"

Betri nazo zilileta kesi. Zangu zilipoisha, mpwa wangu alichomoa ya saa ya ukutani, nyumba nzima ikabaki saa nne kasoro robo, na mama mkwe akaikosa mikutano miwili ya kikoba kwa kuamini bado mapema.

Kisha nikatunga hereni za visahani vya shaba, nikazing'arisha hadi zikawa vioo. Picha ilikuwa kali, kila kitu wazi, nikaipandisha bila wasiwasi. Mteja wa kwanza akauliza: huyo kaka mwenye taulo ndani ya hereni ni nani? Alikuwa kaka yangu, anatoka kuoga, anapita uani na kindoo chake. Wa pili, wa tatu na wa nne waliandika tu, "Bei?" na nikashindwa kujua wanaulizia nini.

Sasa nikipiga vitu vya kung'aa nazungushia manila pande zote, nabakiza tundu la lenzi, na kaka hutangaziwa. Picha zimekuwa nzuri kiasi kwamba juzi winga alinipigia. Alikuwa ameona ukurasa wangu, na anauza kamera mtandaoni, ila picha za kamera zake hazionekani vizuri, zote ukungu. Akataka nimpigie. Nikamtajia bei.

"Dah, bi mkubwa," akasema, "hiyo ni pamoja na manila?"

Nikamwambia manila iko mtaa wa pili, kuna kijana wetu.