Jinsi ya Kuupata Ugonjwa wa Sukari Kabla ya Exetat

Zamani ugonjwa huu tuliwaachia matajiri wenye vitambi. Siku hizi hata mwanafunzi wa Butembo au Beni, Kongo, anaweza kuuwahi mapema, kabla ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Masharti ni mepesi.

1. Panda moto. Butembo ni vilima vitupu, na anayevipanda kwa miguu kwenda shule anachoma sukari bila kujua. Epuka aibu hiyo: motari yupo, bananeni watatu nyuma yake. Shirika la Afya Duniani linataka kijana auchangamshe mwili dakika 60 kila siku. Wewe zimalize umekaa, simu mkononi. Beni kuna sababu ya kweli: waasi wa ADF wamewafukuza watu mashambani, na wazazi wanaogopa mtoto kuzurura. Basi hata mpira wa ndani ya ua wa shule, usiuguse.

2. Heshimu rekre. Nunua mandazi manne ya moto, yale yanayochora ramani ya mafuta kwenye karatasi ya daftari. Yateremshe kwa sukre baridi. Kola ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, na kiasi kinachopendekezwa kwa siku nzima ni kama gramu 25. Umemaliza ya leo na ya kesho kabla kengele haijalia.

3. Dharau shamba. Kabichi na karoti za Lubero, maharage, sombe: waachie wanakijiji. Kakao ya Beni nayo iende zake Ulaya. Ikirudi dukani chokoleti, imevikwa karatasi ya dhahabu, hiyo ndiyo mboga yako.

4. Jivunie kiuno. Kikipanuka, shangazi atakusifu: “Sasa unafanana na mtoto wa watu!” Wafini walitunga karatasi ya maswali 8, FINDRISC, inayokadiria hatari bila hata tone la damu: kiuno, uzito, mazoezi, mboga, ukoo. Waliitunga kwa watu wazima, kwa hiyo swali la umri linakupa sufuri. Furahia sufuri hiyo, mengine usijibu. Na kama bibi yako anaumwa sukari, sema ni mambo ya wazee.

5. Usipime kamwe. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, tulinawa mikono na kupimwa joto kila mlangoni. Sukari haina homa, inapita bila kusimamishwa. Kiu isiyokatika, kukojoa usiku kucha, kukonda ghafla? Tafuta aliyekuroga.

Hapa utani usimame kidogo. Ipo sukari isiyohitaji mwongozo wowote: inamkamata hata mtoto mwembamba asiyejua sukre, kongosho lake linapoacha kutoa insulini. Huyo hakukosea kitu, na kumchelewesha kwa mganga ni kumuua. Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, Toronto, Januari 1922, alikuwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14.

6. Subiri matokeo. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikionyesha 126 mg/dL au zaidi na kurudia hivyo hivyo, umefaulu kabla ya wenzako. Exetat yenyewe utaifanya kwa awamu, ukimwomba msimamizi ruhusa ya kwenda chooni kila nusu saa.