Ficha Mbuzi, Bibi Amebadilishiwa Nyonga

Bibi anarudi kutoka Muhimbili na nyonga mpya, na zamu ya kumwuguza imekuangukia wewe. Kabla hajashuka garini, fukuza kila kinachokaliwa chini. Kigoda kitoke. Mkeka ukunjwe. Sofa lile linalommeza mtu lihamie chumba cha vijana. Mbuzi ya kukunia nazi ndiyo ya hatari zaidi: ipeleke kwa jirani, na umsihi asiirudishe hata Bibi akimtuma mjukuu. Atamtuma.

Nyonga bandia ni tufe lililokaa ndani ya kikombe. Mpaka misuli inayoizunguka ipone, hasa kama daktari alipitia nyuma, goti likipanda juu ya usawa wa nyonga, au mguu ukipishana na mwenzake, tufe laweza kuchomoka. Basi kwa wiki 6 hadi 12, kadiri daktari atakavyoagiza, Bibi atakalia kiti kirefu, kigumu, chenye mikono, mithili ya mwenyekiti wa kikao cha harusi. Choo cha kuchuchumaa kipewe likizo; fundi atoboe kiti cha mbao, ndoo ikae chini yake. Swala ni kitini. Kijiko kikianguka, mwokotaji ni wewe.

Ila usimfanyie yote. Wenye mapenzi mengi ndio wanaoharibu hapa: chai kitandani, uji kitandani, hata simu anashikiwa. Mguu usiotembea damu huganda ndani yake. Mwache ajikongoje na fremu yake hadi barazani, mara kadhaa kila siku, akasalimiane na wapita njia. Wewe fuata nyuma, mikono tayari, mdomo umefungwa. Penye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima. Kushuka hutangulia gongo na mguu wa operesheni.

Wageni wakaribishwe, na vyakula vyao pia. Chupa za mafuta ya kuchulia zibaki mlangoni. Kidonda cha operesheni hakichuliwi, hakikandwi kwa maji ya moto, hakipakwi majani, hata aliyeyaleta awe shangazi mkubwa.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au mguu ukiwa mfupi ghafla, rudini hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikimbana au pumzi ikimkatika, usingoje abadilishe kanga: ondokeni sasa hivi.