Watoto Wasio Sahihi

Jirani yangu mmoja, mtu wa haya na heshima zake, ambaye tangu nimjue sijapata kumsikia akiinua sauti ila kwa adhana, aliketi jioni moja kuwaandikisha wanawe chuoni kwa njia ya intaneti, na alipokwisha kujaza jina lake na majina yao wote kwa taratibu na taadhima, akabonyeza pa kutuma, mashine ikamjibu kwa maandishi mekundu: "Watoto si sahihi." Akavua kofia. Akamwita mkewe.

Mimi, nisifiwaye mtaani kwa kufahamiana na vyombo hivi, nililetewa kesi hiyo kabla ya isha. Programu ile imejengwa kwa Ruby on Rails, zana ya kujengea programu za wavuti aliyoitoa David Heinemeier Hansson mwaka 2004, na ndani yake mna amri ya mstari mmoja iagizayo kwamba mzazi asihifadhiwe mpaka kila mtoto akaguliwe, na akionekana mmoja ana kasoro, jamaa nzima hurudishwa mlangoni. Hikima hiyo siipingi. Tangu Edgar Codd alipoeleza mwaka 1970 namna ya kuhusianisha majedwali ya habari, hakuna fundi mwenye akili apendaye hifadhidata iliyojaa mayatima, yaani kumbukumbu zisizo na mzazi. Walakini amri ile humpa mzazi neno tupu la lawama, ilhali kasoro yenyewe, ambayo hapa ilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya kitinda mimba, imeandikwa kwa mtoto, na asiyeiuliza huko haambiwi.

Tulipoijaza tarehe, ikazuka hoja ya pili: kila mtoto alitakiwa awe na namba ya mzazi, na mzazi hapewi namba mpaka ahifadhiwe, wala hahifadhiwi mpaka watoto wawe sahihi! Kadhi gani angelikata shauri hilo? Fundi wa chuo, kijana mwepesi wa vidole, alipopigiwa simu akaiongeza ile amri upande wa watoto pia, jambo ambalo mwongozo wa Rails umelikataza waziwazi. Basi mzazi akawa anawauliza watoto, nao wanamuuliza mzazi, naye anawauliza tena, hata programu ikaanguka, na kila aliyejaribu usiku ule akapatwa na yayo hayo.

Asubuhi mwalimu aliwaandika wote daftarini kwa kalamu.

Enyi waandishi wa programu, amri hiyo iwekeni upande mmoja. Mtoto muulizeni kama ana mzazi, msimuulize namba ya mzazi. Na kasoro ikiwapo, tajeni ni ya mtoto yupi na ni ipi, kabla mtu hajamwita mkewe.